Jeni Imeingia, Protini Haionekani: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu katika Vekta za Chanjo na Seli Shina

Mwongozo huu ni wa mtafiti aliyetengeneza vekta ya virusi, yaani kirusi kilichobadilishwa ili kibebe jeni hadi ndani ya seli, iwe ya chanjo au ya kupeleka jeni katika seli shina, kisha akakuta matokeo hayafanani na alivyotarajia. Nimeziweka kazi hizi mbili pamoja kwa sababu zinatumia chombo kimoja kwa haja zinazopingana. Chanjo inataka jeni ya kigeni isomwe kwa nguvu kwa siku chache, ili mfumo wa kinga uione antijeni, yaani protini inayolengwa na chanjo, na kuikumbuka. Seli shina inatakiwa kuibeba jeni kwa miezi au miaka, igawanyike nayo mara nyingi, na iendelee kuisoma kwa kiasi kilekile hata inapogeuka kuwa seli ya damu au ya neva. Hata hivyo njia ni ile ile: chembe ya virusi iingie katika seli, DNA ifike kwenye kiini, RNA inakiliwe, protini itengenezwe. Karibu kila hitilafu itakayojadiliwa hapa imetokea katika mojawapo ya hatua hizo nne, na kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote ni mtu kubadilisha kitu kabla hajajua ni hatua ipi iliyokwama.

Kwa sababu hiyo, kila jaribio liwe na sampuli nne za kulinganisha: seli ambazo hazikuguswa kabisa, seli zilizopewa vekta tupu isiyo na jeni yako, seli zilizopewa vekta inayojulikana kufanya kazi, kwa mfano ile yenye protini ya kijani inayong'aa, GFP, na seli rahisi kuambukizwa, kama HEK293 (seli za figo za binadamu zinazooteshwa maabara), zilizopewa vekta yako. Sampuli ya nne ndiyo inayoachwa na wengi, nayo ndiyo inayotenganisha ubovu wa vekta na ukaidi wa seli. Vekta ikifanya kazi vizuri katika HEK293 na kunyamaza katika seli shina, hakuna haja ya kuitengeneza upya. Shida iko kwa mpokeaji.

Dalili: seli zalishi hazionyeshi uharibifu, au mavuno ni madogo

Vekta nyingi za adenovirusi, virusi vya DNA vinavyosababisha mafua, zimeondolewa eneo la jeni liitwalo E1, ambalo bila hilo virusi haviwezi kuzaliana, na huzalishwa katika seli ambazo zenyewe zinabeba E1, ndizo seli zalishi. HEK293, zilizotokana na kazi ya Frank Graham mwaka 1973, ndizo zinazotumiwa zaidi. Uzalishaji ukienda vizuri, hadubini hueleza wazi. Seli zilizokuwa zimelala bapa zikigusana huanza kujikunja, zinakuwa duara na zenye kung'aa pembezoni, kisha zinajikusanya katika vishada kama zabibu na kuachia sakafu ya sahani moja moja, na midia, kimiminika cha kuoteshea seli, iliyokuwa safi inaonekana kama imemwagiwa vumbi laini. Baada ya kuingiza plasmidi (duara la DNA lenye jenomu ya vekta) kwa mara ya kwanza, hali hii inaweza kuchukua wiki moja hadi mbili. Baada ya kuambukiza kwa virusi vilivyokwisha kuzalishwa, siku mbili au tatu hutosha.

Siku kumi na nne zikipita bila dalili hizo, anza na swali dogo kabisa: je, plasmidi ilikatwa? Jenomu ya adenovirusi huzaliana kuanzia ncha zake mbili, na katika mifumo mingi ncha hizo zimefungwa ndani ya plasmidi ya mviringo hadi kimeng'enya kama PacI kizifungue. Pitisha mikrolita chache za DNA iliyokatwa kwenye jeli. Ikiwa mkato haukukamilika, umeshapata chanzo kwa gharama ya saa moja.

Mkato ukiwa sawa, hesabu urefu. Jenomu ya asili ya adenovirusi aina ya 5 ina takriban besi 36,000, na ganda lake hukubali hadi karibu asilimia 105 ya urefu huo. Anayeondoa E1 na eneo jingine, E3, hupata nafasi ya besi elfu saba hadi nane, na ni rahisi kuisahau hesabu hii unapoongeza promota (kipande cha DNA kinachowasha jeni) ndefu, jeni ya kufuatilia na mkia wa RNA juu ya antijeni yenyewe. Jenomu iliyozidi kipimo haikatai mara moja, na hapo ndipo ugumu wake ulipo: hujipakia kwa shida, na vizazi vinavyofuata huanza kutupa vipande.

Kwa vekta zinazotokana na adenovirusi za sokwe kuna chanzo kingine kisichoonekana kwa macho. E1 iliyo ndani ya HEK293 ni ya aina ya 5, na protini zake hushirikiana na protini za eneo la E4. E4 ya kirusi cha sokwe huenda isishirikiane nayo vizuri, na mavuno yakashuka. Waliotengeneza ChAdOx1, vekta ya chanjo inayotokana na adenovirusi ya sokwe, katika Chuo Kikuu cha Oxford walilitatua jambo hili kwa kuweka sehemu za E4 kutoka aina ya 5 ndani ya jenomu ya kirusi cha sokwe.

Chanzo cha mwisho katika kundi hili ni antijeni yenyewe. Glikoprotini nyingi za virusi huzidhuru seli zinapotengenezwa kwa wingi, na seli zalishi zikifa mapema hazina muda wa kutengeneza chembe. Dalili yake ni ya kupotosha, kwa sababu uharibifu unaonekana, tena haraka kuliko kawaida, lakini ukivuna unapata kidogo sana. Dawa yake ni kutumia seli zalishi zenye kizuizi cha tetrasaiklini (protini inayofunga promota) pamoja na promota yenye viti vya kizuizi hicho, ili jeni ya antijeni inyamaze wakati wa uzalishaji na kusomwa tu katika mwili wa anayechanjwa, ambamo kizuizi hakipo.

Kuhusu muda wa kuvuna: vuna seli zikiwa zimeathirika zote lakini nyingi bado hazijapasuka. Ukisubiri hadi kila kitu kielee, chembe zinakuwa zimesambaa katika midia na kuzipata tena ni kazi kubwa.

Dalili: mavuno mazuri, lakini antijeni inatoweka vizazi vinavyoendelea

Virusi vinazaliana, hesabu ni kubwa, lakini kipimo cha protini kinafifia kutoka kizazi cha tatu hadi cha sita. Huu ni uteuzi wa asili ukifanya kazi ndani ya chupa. Chembe yoyote iliyopoteza jeni ya antijeni, au kuiharibu kwa badiliko la besi moja, huzaliana kwa kasi kuliko wenzake wanaobeba mzigo, na baada ya vizazi vichache inatawala. Pima kwa PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ukiweka vianzio (vipande vifupi vinavyoonyesha unakili uanzie wapi) nje ya jeni, pande zote mbili, si ndani yake. Vianzio vya ndani vitakuonyesha tu nakala zilizobaki na kukuficha zilizopotea, ilhali vya nje vitakupa mikanda miwili kwenye jeli pindi upotevu unapoanza. Usijaribu kuokoa kundi lililokwisha kuchanganyika. Rudi kwenye kizazi cha kwanza ulichokihifadhi, tenga koloni moja ya virusi, soma mpangilio wote wa jeni, kisha zalisha kwa idadi ndogo ya vizazi iwezekanavyo.

Katika kundi hili imo pia hatari ya virusi kupata tena uwezo wa kuzaliana. HEK293 zinabeba besi za kwanza 4,344 za adenovirusi aina ya 5, na sehemu ya mpangilio huo bado imo katika vekta nyingi za aina hiyo. Pale mipangilio inapofanana, DNA hubadilishana vipande na E1 hurudi mahali pake. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa inataka kisizidi kirusi kimoja cha namna hiyo katika kila chembe bilioni 30. Ukikigundua, hakuna usafishaji utakaokiondoa, kwa sababu kwa umbo na uzito hakitofautiani na vekta yako. Suluhisho ni kubadili seli zalishi na kutumia zile zisizo na mpangilio unaofanana na vekta, kama PER.C6.

Dalili: dozi ni ile ile, matokeo si yale yale

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu tatizo hili limewahi kufika hadi kwenye majaribio makubwa ya binadamu. Chembe za virusi huhesabiwa kwa njia zisizopungua tatu, na kila njia hujibu swali tofauti. Mwanga wa nanomita 260 hupima DNA yote na kila kitu kinachozuia mwanga. Kwa adenovirusi iliyosafishwa na kuvunjwa kwa sabuni ya SDS, kipimo cha ufyonzaji wa mwanga cha 1 huhesabiwa kuwa takriban chembe 1.1 × 10¹² kwa mililita. PCR hupima nakala za jenomu. Jaribio la kuambukiza seli hupima chembe zilizo hai tu. Kundi moja la virusi linaweza kupata nambari tatu zinazotofautiana sana, na zote zikawa sahihi kwa maswali yake.

Katika majaribio ya chanjo ya Oxford dhidi ya UVIKO-19 ya mwaka 2020, kundi moja la chanjo lilipimwa kwa mwanga na kwa PCR, na mwanga ukatoa nambari kubwa zaidi. Dozi zikagawiwa kwa kufuata mwanga. Baadaye ilionekana kwamba polisorbeti 80, kiambato kilichomo katika mchanganyiko wenyewe, kilikuwa kimeingilia kipimo hicho, na sehemu ya washiriki wakawa wamepata karibu nusu ya dozi ya kwanza iliyokusudiwa. Kilichowashtua watafiti ni dalili ndogo: maumivu na homa baada ya sindano vilikuwa hafifu kuliko ilivyotazamiwa. Matokeo yaliyochapishwa Desemba 2020 yalionyesha ufanisi wa asilimia 90.0 kwa waliopata nusu dozi kisha dozi kamili, dhidi ya asilimia 62.1 kwa waliopata dozi mbili kamili. Uchambuzi wa Februari 2021 ulielekeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo kwenye muda uliopita kati ya dozi mbili na si kwenye ukubwa wa dozi.

Kwa hiyo, unapokuta wanyama wa kundi la pili hawajibu chanjo kama wa kundi la kwanza, usianze na wanyama. Pima makundi yote mawili ya virusi siku moja, kwa mkono mmoja, kwa njia mbili zisizotegemeana, na pima pia bafa (kimiminika kinachohifadhi virusi) peke yake bila virusi. Bafa ikitoa nambari, nambari hiyo si ya virusi. Angalia pia kipimo cha nanomita 320: chembe zilizogandana hutawanya mwanga huko, na mgandamano huinua hesabu kwenye mashine huku ukipunguza chembe zinazoweza kuambukiza. Uwiano wa chembe zote kwa chembe ambukizi ukizidi 30 kwa 1, kundi hilo lina chembe nyingi zilizokufa au tupu. Mara nyingi chanzo ni kuyeyusha na kugandisha mara nyingi, au kusafirisha ndani ya barafu kavu katika vichupa visivyofungwa vizuri, ambapo kaboni dioksaidi huingia na kuifanya bafa kuwa na asidi. Gawanya virusi katika vichupa vidogo siku ya kwanza, hifadhi katika nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kikiyeyushwa kisirudi kwenye friza.

Dalili: virusi ni vizima, lakini protini ni fupi au haipo

Ukiwa na DNA ya kutosha ndani ya seli na protini hakuna, pima RNA, tena pima urefu wake wote na si kipande kimoja. Jeni nyingi za chanjo zimetoka katika virusi vya RNA ambavyo huzaliana nje ya kiini cha seli, na kwa sababu hiyo mpangilio wao haujawahi kukutana na mitambo ya kiini inayokata RNA na kuiunganisha upya. Jeni hiyo ikiwekwa katika vekta ya DNA inayosomewa ndani ya kiini, mitambo inaweza kukuta mahali panapofanana na alama ya mkato, ikakata, na protini ikatoka fupi, au ikapoteza mkia wake unaoishikilia kwenye utando na kuvujia nje ya seli. Ishara yake kwenye jeli ni mkanda wa ziada ulio mdogo kuliko ule unaotarajiwa. Kubadilisha kodoni, yaani besi tatu tatu zinazotaja kila asidi ya amino, bila kubadilisha asidi za amino huondoa alama nyingi za namna hii, lakini lazima mpangilio mpya nao ukaguliwe, kwani uboreshaji wa kodoni unaweza kuzaa alama mpya pale ambapo haikuwepo.

Dalili: kila kitu kimepita katika maabara, lakini kinga haijitokezi

Nitapita haraka hapa. Ikiwa aliyechanjwa tayari ana kingamwili dhidi ya vekta, chembe hukamatwa kabla ya kuingia katika seli. Adenovirusi aina ya 5 imeenea sana, na katika sehemu nyingi za Afrika watu wazima walio wengi wana kingamwili zake. Jaribio la STEP la chanjo ya VVU, lililotumia aina hiyo, lilisimamishwa Septemba 2007, na uchambuzi ukaonyesha maambukizi zaidi miongoni mwa wanaume waliochanjwa ambao walikuwa na kingamwili hizo na hawakuwa wametahiriwa. Pima kingamwili dhidi ya vekta kabla ya dozi ya kwanza na tena kabla ya dozi ya pili. Dozi ya kwanza yenyewe hujenga kinga dhidi ya vekta, ndiyo maana chanjo ya Sputnik V hutanguliza aina ya 26 na kufuatisha aina ya 5, na mpango mmoja wa chanjo ya Ebola ulioidhinishwa Ulaya mwaka 2020 huanza na adenovirusi aina ya 26 na kumalizia, wiki nane baadaye, na vekta ya MVA, kirusi cha chanjo ya ndui kilichodhoofishwa, iliyo ya jamii nyingine kabisa.

Dalili: seli shina chache tu zinapokea jeni

Sasa tuingie upande wa seli shina, ambako vekta inayotumiwa zaidi ni lentivirusi, virusi vya jamii ya VVU vinavyopachika jeni kwenye kromosomu. Malalamiko ya kwanza huwa haya: vekta ile ile iliyong'arisha asilimia 90 ya HEK293 imeng'arisha asilimia 10 tu ya seli shina za damu. Hesabu ya chembe ambukizi iliyopatikana kwenye HEK293 haihamishiki kwenda seli nyingine. Ganda la VSV-G, ambalo vekta hizi huvishwa kwa kawaida, huingia kupitia vipokezi vya LDL (chembe za kolesteroli), ambavyo ni vichache kwenye seli shina ya damu iliyolala, na seli hizo zina protini kama IFITM3 zinazozuia muungano wa utando. Kuziamsha kwa siku moja au mbili kwa sitokini (protini za kuashiria) kama SCF, TPO na FLT3L huongeza upokeaji, lakini kila siku ya ziada nje ya mwili hupunguza sifa za ushina wenyewe, kwa hiyo usizicheleweshe. Polibrini, inayosaidia virusi kushikamana na seli, ni sumu kwa seli shina nyingi. Protamini salfeti au sahani zilizopakwa fibronektini ni salama zaidi.

Kumbuka pia hesabu ya bahati. Chembe ambukizi moja kwa kila seli haimaanishi kila seli imepata moja: kwa wastani asilimia 63 hupata angalau moja na asilimia 37 hazipati kitu. Ukitaka seli nyingi zenye nakala moja tu, uwiano wa chembe 0.3 kwa seli huacha karibu robo tatu ya seli bila jeni, lakini miongoni mwa zilizopata, takriban asilimia 86 zina nakala moja.

Dalili: seli ziling'aa siku ya tatu, zikazimika wiki ya tatu

Hili ndilo tatizo ambalo ningependa kila anayeanza alielewe hadi mwisho, kwa sababu vyanzo vyake vitatu vinafanana kabisa chini ya hadubini na tiba zake hazifanani hata kidogo.

Chanzo cha kwanza ni mng'ao wa uongo. Midia iliyovunwa kutoka seli zalishi ina protini ya GFP yenyewe na plasmidi iliyobaki, na vyote viwili huingia au kushikamana na seli bila jeni yoyote kujipachika kwenye kromosomu. Mng'ao huo hufifia kadiri seli zinavyogawanyika. Chanzo cha pili ni ushindani: seli zilizopokea jeni zinakua polepole kuliko zisizopokea, na baada ya kuhamishwa kwenye sahani mpya mara tano zimemezwa na wenzake. Chanzo cha tatu ni kunyamazishwa: jeni iko palepale kwenye kromosomu, nzima, lakini seli imekataa kuisoma.

Kipimo kinachotenganisha vyanzo hivi ni idadi ya nakala za vekta kwa kila seli, kikipimwa angalau mara mbili, siku ya nne na baada ya wiki mbili au tatu. Seli moja ya binadamu ina takriban pikogramu 6.6 za DNA, hivyo nanogramu 100 zinatoka katika seli kama 15,000. Pima kipande cha vekta ambacho hakimo katika plasmidi za kusaidia, pima pia jeni ya albumini ambayo ina nakala mbili kwa seli, gawanya ya kwanza kwa ya pili, kisha zidisha kwa mbili. Jedwali langu la kwanza la aina hii lilikuwa na safu mbili tu: nakala 1.8 siku ya nne, nakala 1.7 siku ya ishirini na moja, ilhali mng'ao ulikuwa umeshuka hadi karibu kutoonekana. Kabla ya kupima, maabara nzima ilikuwa imekubaliana kwamba virusi vilikuwa vibovu, na tulikuwa tumeshazalisha makundi mawili mapya bila sababu. Nakala zikibaki palepale na RNA ikashuka, ni kunyamazishwa. Nakala zikishuka kwa mwendo mmoja na mng'ao huku idadi ya seli ikipanda kama kawaida, ni mng'ao wa uongo au ushindani. Ili kuvitenganisha hivi viwili, chuja seli zinazong'aa kwa mashine wiki ya pili, zioteshe peke yake, na tazama kama zinakua polepole.

Unyamazishaji si ajali. Seli shina za kiinitete zina ulinzi wa zamani dhidi ya virusi vinavyojipachika kwenye jenomu. Kazi za Daniel Wolf na Stephen Goff za mwaka 2007 na 2009 zilionyesha kwamba katika seli shina za kiinitete za panya, protini ya ZFP809 hutambua mpangilio mfupi wa retrovirusi ya panya, pale ambapo RNA ya kubeba prolini hushikilia ili kuanzisha unakili, na kumwita TRIM28, protini inayokusanya wanyamazishaji. Naye huwaita wanaoweka alama ya kunyamazisha ya H3K9me3 kwenye histoni, protini zinazozungukwa na DNA, kisha metilesheni ya DNA (kubandikwa vikundi vya methili) hufuata na mlango hufungwa kwa muda mrefu. Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, waliporudisha seli za ngozi ya panya katika hali ya ushina mwaka 2006 kwa jeni nne zilizobebwa na retrovirusi, walinufaika na ulinzi huu huu: seli iliyogeuka kikamilifu hunyamazisha jeni za virusi na kuwasha zake za asili. Kwa hiyo ukiona jeni za virusi bado zinasomwa katika koloni unayodhani ni ya seli shina, huenda mageuzi hayajakamilika.

Lentivirusi hutumia RNA ya lisini na hivyo hukwepa ZFP809, lakini haikwepi kila kitu, na promota huamua mengi. Promota ya CMV, inayopendwa katika chanjo kwa nguvu zake, hunyamazishwa haraka katika seli shina za kiinitete na zile zilizorudishwa ushina. Mtu anayehamisha kaseti ya chanjo kwenda seli shina bila kubadilisha promota amejiandalia tatizo hili. Anza na promota za EF1α, PGK au CAG, na zikizimika nazo, ongeza kipande cha UCOE, ambacho kina visiwa vya CpG visivyo na metilesheni na huweka kromatini wazi, au ipachike jeni mahali maalumu kama AAVS1 kwenye kromosomu ya 19. Kuthibitisha unyamazishaji, tibu sehemu ndogo ya seli kwa vizuizi vya metilesheni au vya uondoaji wa asetili kwenye histoni kwa saa 24 hadi 48. Seli kadhaa zikirudi kung'aa, umethibitisha. Usitumie dawa hizo kama tiba ya kudumu, kwa kuwa zinabadilisha jeni nyingine nyingi na seli shina hufa nazo kwa urahisi.

Dalili: jeni iliyodhibitiwa haitii amri

Mifumo ya kuwasha jeni kwa doksisaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, mara nyingi huvuja kwa sababu seramu ya ng'ombe ina mabaki ya tetrasaiklini. Tumia seramu iliyothibitishwa kuwa haina. Ikiwa haiwaki, kumbuka kwamba dawa hii huharibiwa na mwanga na nguvu yake katika midia ya nyuzi 37 hupungua kwa nusu ndani ya takriban siku moja, kwa hiyo iongeze kila baada ya saa 24 hadi 48. Weka pia sampuli yenye dawa bila jeni, kwa sababu doksisaiklini peke yake huathiri mitokondria.

Wanaozima jeni kwa dCas9 (Cas9 ya CRISPR isiyokata DNA) iliyounganishwa na KRAB, kipande cha protini kinachonyamazisha jeni, wakumbuke kwamba KRAB hufanya kazi kwa kumwita TRIM28, yule yule anayenyamazisha virusi. RNA elekezi, inayoipeleka dCas9 mahali pake, ifike karibu na mwanzo wa unakili, takriban besi 50 kabla hadi 300 baada. Katika seli shina, jeni moja inaweza kuanzia mahali tofauti na inapoanzia katika ini au figo, na RNA elekezi iliyochaguliwa kwa ramani ya tishu nyingine itakosa shabaha. Kama kinachotumika ni Cas9 inayokata, seli shina za binadamu huwasha p53, protini inayosimamisha au kuua seli yenye DNA iliyoharibika, zinapokatwa DNA na nyingi hufa, jambo lililoripotiwa mwaka 2018. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba zinazosalia huenda zilikuwa tayari na p53 mbovu. Soma mpangilio wa TP53, jeni ya p53, katika koloni kabla ya kuiamini.

Dalili: seli zinakua kwa kasi kuliko zamani

Mtafiti hufurahi, na hapaswi. Seli shina za binadamu zinazooteshwa kwa muda mrefu mara nyingi hupata nakala ya ziada ya eneo la 20q11.21, lenye jeni ya BCL2L1 inayozuia kifo cha seli, na badiliko hilo ni dogo kiasi cha kutoonekana katika uchunguzi wa kawaida wa kromosomu. Lipime kwa PCR ya nakala kila baada ya uhamisho kumi.

Kwa waliotumia vekta inayojipachika, kuna chanzo kizito zaidi. Katika majaribio ya Paris na London ya kutibu watoto waliozaliwa bila kinga, ugonjwa wa X-SCID, kwa retrovirusi, watoto wasiopungua 5 kati ya 20 walipata saratani ya damu, na kwa wengi wao vekta ilikuwa imejipachika karibu na jeni ya LMO2 na kuiwasha. Vekta za sasa zimeondolewa vichocheo vya ncha zake, lakini promota ya ndani yenye nguvu bado inaweza kumfikia jirani. Weka wastani wa nakala chini ya 5 kwa seli, tafuta mahali pa upachikaji katika kila koloni utakayoiendeleza, na koloni moja ikianza kutawala nyingine, isimamishe na kuichunguza kabla ya kuitumia kwa lolote. Seli za kulinganisha nazo ziwe zile za kizazi cha mwanzo zilizogandishwa kabla vekta haijaguswa. Asiyezihifadhi hana namna ya kujua kama badiliko alilolikuta limeletwa na vekta au lilikuwamo tangu mwanzo.